Tarehe Nayo ni Ufundi: Titanfall 2 na kalenda za Arua na Koboko

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali inayomfariji fundi. Seremala anayepiga randa ubao mpaka uso wake ung'ae, mshonaji anayefumua pindo ambalo mteja asingeligundua kosa lake, na kijana anayekesha mbele ya kompyuta akirekebisha hatua za mhusika wa gemu, wote huamini kwamba kazi njema itajisemea siku itakapofika sokoni. Oktoba 2016 soko la gemu duniani lilitoa kesi inayoitia methali hii majaribuni. Titanfall 2, muendelezo uliosifiwa na wakaguzi karibu wote na uliosahihisha makosa ya gemu iliyoutangulia, ulitoka tarehe 28 ya mwezi huo na ukakosa wanunuzi waliotarajiwa. Aliyetaka kujua sababu alipaswa kwanza kutazama kalenda. Hoja ya uchambuzi huu ni moja: kwa bidhaa inayohitaji umati ili iwe hai, tarehe ya kutoka ni sehemu ya ufundi wenyewe, sawa na michoro, sauti na kanuni za mchezo. Na tarehe haina uzito mpaka ipimwe kwa kalenda ya mahali fulani. Ndiyo maana kesi hii ya gemu iliyotengenezwa California inafaa kusomwa kutoka Arua na Koboko, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako kalenda ya soko huandikwa na mvua, ada za shule, umeme na hali ya mpaka.

Tuanze na kazi yenyewe. Kampuni ya Respawn Entertainment iliundwa mwaka 2010 na Vince Zampella na Jason West, watu waliokuwa wameongoza Infinity Ward, studio iliyozaa Call of Duty. Gemu yao ya kwanza, Titanfall, ilitoka Machi 2014 kwa kompyuta na mashine za Xbox tu. Wenye PlayStation waliachwa nje. Ilikuwa na wazo lenye nguvu: mwanajeshi mwepesi anayekimbia juu ya kuta, na roboti kubwa la vita ambalo huliita kutoka angani na kulipanda. Lakini haikuwa na hadithi ya mchezaji mmoja, na wengi waliona imeisha haraka. Muendelezo ulijibu lawama hizo moja baada ya nyingine. Ulifika PlayStation 4 pia. Uliongezewa hadithi ya rubani Jack Cooper na roboti lake BT-7274, ambamo urafiki wa mtu na chuma umejengwa kwa maneno machache na vitendo vingi. Kuna sehemu ya hadithi hiyo ambapo mchezaji hubonyeza kitufe na kuruka kati ya nyakati mbili za jengo moja, leo likiwa magofu na jana likiwa limejaa watu, na wapenzi wa gemu bado huitaja miongoni mwa hatua bora za muongo ule. Zaidi ya hayo, ramani zilizoongezwa baadaye zilitolewa bure, wakati washindani walizoea kuziuza. Kwenye tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wakaguzi, gemu hii ilipata kati ya 86 na 89 kwa 100 kutegemea mashine.

Sasa tazama majirani zake kwenye kalenda. Tarehe 21 Oktoba 2016 ilitoka Battlefield 1, gemu ya vita vya kwanza vya dunia iliyosubiriwa kwa hamu. Siku 7 baadaye ikaja Titanfall 2. Siku nyingine 7, tarehe 4 Novemba, ikaja Call of Duty: Infinite Warfare, ambayo baadhi ya matoleo yake yalifungwa pamoja na Modern Warfare ya zamani iliyosafishwa upya. Zote tatu zilikuwa gemu za kurushiana risasi kwa jicho la mpiganaji, zilitaka watu wakutane kwenye intaneti, zilichezwa kwenye mashine zilezile na ziliuzwa takriban dola 60 kila moja. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Battlefield 1 na Titanfall 2 zilitolewa na mchapishaji mmoja, Electronic Arts. Mfanyabiashara aliweka meza mbili jirani, akauza bidhaa za jamii moja kwa wateja walewale, huku akijua kwamba mshindani mkubwa kuliko wote atatandika meza ya tatu wiki inayofuata.

Electronic Arts hawakufanya hivyo kwa uzembe. Uongozi wake ulieleza kwamba wapenzi wa gemu hizi si kundi moja: wapo wanaotaka uwanja mpana wa vita na magari mengi, wapo wanaotaka kasi na wepesi, na wapo watakaonunua zote mbili. Kwenye karatasi, maelezo hayo yana mantiki. Kosa lake ni kuhesabu ladha na kusahau vitu vitatu ambavyo kila mnunuzi anavyo kwa kipimo. Cha kwanza ni fedha: dola 60 za mwaka ule zilizidi kidogo shilingi 200,000 za Uganda, na hata Marekani si wengi wanaotoa kiasi hicho mara tatu ndani ya siku 15. Cha pili ni saa: gemu ya namna hii hudai jioni nyingi za mazoezi kabla mtu hajaanza kuifurahia, na jioni haziongezeki kwa sababu gemu zimeongezeka. Cha tatu ndicho kizito zaidi, nacho ni marafiki. Mchezaji wa mtandaoni hanunui gemu tu; ananunua mahali atakapowakuta wenzake. Watu 4 waliozoea kucheza pamoja hufanya uamuzi mmoja, na walio wengi kati yao wakishanunua Battlefield 1, aliyebaki hana namna ila kuwafuata, hata kama moyo wake uko kwa Titanfall.

Orodha ya kampuni ya NPD ya gemu zilizouzwa zaidi Marekani mwaka 2016 inasema yaliyobaki. Ya kwanza ilikuwa Infinite Warfare, ya pili Battlefield 1. Titanfall 2 haikuingia hata kumi bora. Kumbuka kwamba tangazo la kwanza la Infinite Warfare, lililotoka Mei mwaka huo, lilikuwa miongoni mwa video zilizochukiwa zaidi katika historia ya YouTube, na alama zake za wakaguzi zilikuwa chini ya zile za Titanfall 2 kwa zaidi ya pointi 8. Kwa hiyo tunayo bidhaa iliyosifiwa ikakosa wanunuzi, na bidhaa iliyozomewa ikaongoza soko. Kama kizuri kingekuwa kinajiuza kwa nguvu ya uzuri wake peke yake, orodha hiyo ingesomeka vingine. Call of Duty ilikuwa na kitu ambacho ubora hauwezi kukiumba ndani ya wiki moja: mazoea ya miaka mingi ya mamilioni ya watu kununua toleo jipya kila Novemba. Ilikuwa imemiliki mwezi, kama vile familia fulani inavyomiliki kona ya soko hata kabla jua halijachomoza.

Umbo la hasara hii linaeleweka vizuri zaidi kwa mtu aliyeona biashara ya mpakani. Kutoka Arua, ukipita kituo cha Vurra, unaingia Aru na kufika Ariwara, soko la Kongo linalovuta wachuuzi kutoka nchi tatu. Mwenye vitenge vizuri akifika siku ya soko anauza, na akifika siku nyingine na vitenge vilevile anakuta meza tupu na mbwa wawili. Kitenge hakijabadilika, kilichokosekana ni umati. Hata hivyo mwenye vitenge ana nafuu, maana kitenge kisichouzwa leo kitauzwa siku ya soko ijayo kikiwa na thamani ileile. Gemu ya mtandaoni haina nafuu hiyo, kwa kuwa umati ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Mchezaji anayengoja dakika nyingi ili apate wapinzani huona gemu ni mbovu, ingawa kila mstari wa programu uko sawa. Anaondoka, na kuondoka kwake kunamrefushia mwenzake muda wa kungoja, naye pia anaondoka. Ikafika wakati wa punguzo kubwa la mwishoni mwa Novemba, na Titanfall 2, ikiwa haijatimiza wiki 5, ilikuwa tayari inauzwa kwa takriban nusu ya bei. Punguzo la mapema kiasi hicho huleta wanunuzi wachache, lakini pia hutangaza kwa sauti kubwa kwamba hapa hapana watu.

Kuna pingamizi tatu zenye uzito, na msomaji makini atakuwa ameshaziwaza. Ya kwanza yasema kwamba tarehe inabebeshwa lawama isiyo yake. Titanfall ya kwanza iliwaacha wanunuzi wengi wakihisi wamepunjwa, wenye PlayStation hawakuwa na uhusiano wowote na jina hilo, na jaribio la wazi la Agosti 2016 liliwafanya baadhi ya wapenzi walalamike kwamba kasi waliyoipenda imepunguzwa. Haya yote ni kweli, wala hayafai kufichwa. Lakini yanaipa hoja ya tarehe nguvu zaidi. Bidhaa yenye jina kubwa inaweza kuvumilia msongamano, kwa sababu mnunuzi ameshaamua miezi kabla. Bidhaa yenye jina linalohitaji kutengenezwa upya inahitaji muda wa kuonekana: wiki ambazo wakaguzi wataizungumzia yenyewe, siku ambazo rafiki atamwambia rafiki kwamba safari hii wamerekebisha. Titanfall 2 ndiyo iliyohitaji nafasi kuliko jirani zake wote, na ndiyo iliyopewa nafasi finyu kuliko wote. Udhaifu wa jina ulikuwa sababu ya kuichagulia tarehe kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mgonjwa hapelekwi mbio za marathoni ili apimwe afya.

Pingamizi ya pili inaleta mfano wa kinyume. Horizon Zero Dawn ilitoka tarehe 28 Februari 2017, na siku 3 tu baadaye ikafuatwa na The Legend of Zelda: Breath of the Wild, gemu ambayo wengi huiweka miongoni mwa bora za wakati wote. Zote mbili ni safari ndefu katika ulimwengu mpana ulio wazi. Horizon haikufa, mpaka Februari 2019 ilikuwa imevuka nakala milioni 10. Je, basi ubora haukushinda tarehe? Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba tarehe zilikaribiana lakini wanunuzi hawakugongana. Horizon ilikuwa ya PlayStation 4, Zelda ya mashine za Nintendo, na watu wengi wana mashine moja. Isitoshe, Horizon huchezwa peke yako, kwa hiyo haikuhitaji kuwang'ang'ania wachezaji wa Zelda ili iwe hai. Mfano huu unatufundisha kupima vizuri: ukaribu wa siku peke yake haudhuru. Kinachodhuru ni siku zilizokaribiana pamoja na mkoba mmoja, mashine moja na umati mmoja. Titanfall 2 ilikutana na vyote kwa pamoja.

Pingamizi ya tatu ni ya mtu mvumilivu: kizuri hakipotei, siku moja kitagunduliwa. Na kweli, Titanfall 2 iligunduliwa. Miaka ilivyopita bei ilishuka, sifa ya hadithi yake ikaenea, na ilipowekwa kwenye duka la Steam mwaka 2020 ilipata wachezaji wapya wengi. Faraja hii ni ya kweli lakini ni ya nusu. Sehemu iliyonusurika ni hadithi ya Cooper na BT, kwa sababu hadithi inaweza kungoja kama kitabu kinavyongoja rafuni. Sehemu ya mashindano, iliyogharimu jasho jingi la mafundi, ilibaki ikiyumba, na kwa vipindi virefu seva zake zilisumbuliwa na mashambulizi ya wahalifu wa mtandaoni. Tena biashara haihesabu mapenzi yanayokuja baada ya miaka 5. Mchapishaji huamua hatima ya mfululizo kwa hesabu za robo ya kwanza ya mauzo, na mpaka leo Titanfall 3 haijatoka. Wapenzi waliochelewa walikuta mlango umefungwa, na hawakuwa na kosa lolote ila kutokuwepo siku ileile moja.

Mpaka hapa nimeizungumzia tarehe kana kwamba dunia nzima inaishi kalenda moja. Ni hapa ambapo West Nile inatupanulia hoja. Chukua siku ileile, 28 Oktoba 2016, uiweke juu ya Arua na Koboko. Nchini Uganda huo ni muhula wa tatu, kilele cha mitihani: wa sekondari ya chini wako katikati ya karatasi zao, wa darasa la saba wana siku chache kabla ya mtihani wa kumaliza msingi, na wa kidato cha sita wanafuata. Kijana anayependa gemu yuko chini ya macho ya mzazi. Mashambani mvua za mwaka hazijaisha; mazao ya msimu wa pili, ufuta ukiwemo, yanangoja Novemba na Desemba, kwa hiyo fedha ya mkulima bado iko ardhini. Na upande wa mpaka, vita vilivyozuka upya Juba, Sudan Kusini, mwezi Julai vilikuwa vimeshaenea hadi Yei, watu wakivuka kwa maelfu kuingia Koboko na Yumbe. Makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Agosti mwaka huo, na ndani ya miezi michache yakawa miongoni mwa makazi makubwa zaidi ya wakimbizi duniani. Wafanyabiashara wa Koboko waliozoea kupeleka bidhaa Yei na Juba kupitia vituo vya mpakani vya Oraba na Kaya waliona njia yao ikigeuka kuwa njia ya wakimbizi. Tarehe iliyochaguliwa California kwa ajili ya sikukuu za Marekani ilikuwa, kwa miji hii ya mpakani, miongoni mwa tarehe mbaya kabisa za mwaka.

Kisha kuna umeme, ambao kwa West Nile umekuwa kalenda ndani ya kalenda. Kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo ilitegemea mtambo wa mafuta mazito na, tangu mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak I lenye uwezo wa megawati 3.5. Mashine ilipoharibika au maji yalipopungua, mji uligawiwa umeme kwa saa. Ni mwaka 2024 tu ambapo laini ya kilovolti 132 inayopita Lira, Gulu na Nebbi ilifika Arua na kuileta gridi. Mwenye kibanda cha gemu aliyenunua televisheni 4 na mashine 4 mwaka 2016 alikuwa amenunua vyombo vya kazi pamoja na mashaka ya umeme; mwenzake anayefungua leo anaanza kwenye ardhi imara zaidi. Intaneti nayo ina tarehe zake. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa na badala yake bando likatozwa asilimia 12. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa. Gemu yoyote iliyopangwa kutoka wiki hiyo kupitia Facebook ingekufa Uganda bila hata mtu mmoja kuihukumu. Na Titanfall 2 yenyewe ilidai takriban gigabaiti 45 za nafasi, mzigo ambao kwa bei ya bando si suala la ladha tena.

Mtu anaweza kusema kwamba Arua na Koboko hazimhusu kabisa mchapishaji wa Marekani, hivyo kalenda za miji hiyo hazina uzito katika kesi hii. Kwa hesabu za Electronic Arts za mwaka 2016 hilo ni sahihi. Hakuna anayedai kwamba gemu ilianguka kwa sababu ya Koboko. Ninachodai ni kwamba mji wa mpakani huonyesha wazi kanuni ambayo miji mikubwa huificha. Katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, mfalme ni mpira: FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, na kabla yake PES. Wengi hueleza ushindi huo kwa kusema watu wetu wanapenda mpira, na ni kweli, lakini kuna sababu ya pili inayopuuzwa. Gemu ya mpira kwa kawaida hutoka Septemba, wiki chache baada ya ligi za Ulaya kuanza, wakati kijana wa Arua ameshaanza kubishana kuhusu usajili wa Arsenal na Manchester United. Inapanda juu ya kalenda ambayo tayari ipo vichwani mwa watu na haihitaji kujitambulisha. Zaidi ya hayo, mchezo mmoja huisha kwa dakika chache, watu wawili hukaa kwenye benchi moja na pedi mbili bila intaneti, na anayefungwa humpisha anayengoja. Umati wake umekaa chumbani, haungojewi kutoka mbali. Umeme ukikatika, mechi imepotea moja tu. Hivi ndivyo muda unavyoingia ndani ya usanifu wa gemu: tarehe ya mwaka, urefu wa mchezo na hali ya umeme vinakutana kwenye benchi lile.

Eneo hili la kaskazini mwa Uganda limetoa pia mtengenezaji wake, na safari yake inaongeza ushahidi. Lual Mayen, ambaye familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka 3 mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye kijana alitembea saa 3 kwenda mahali pa kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, na toleo la kwanza la gemu yake Salaam, neno lenye maana ya amani, alilitengeneza akiwa bado kambini. Halikuwa na duka wala tangazo. Lilienea kwa kupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha Junub Games, na Desemba 2018 sherehe za The Game Awards zikamtambua kwa mchango wake. Kwa vipimo vya wakaguzi, kazi ya kijana mmoja mwenye kompyuta moja haiwezi kuwekwa kwenye mizani na ya studio ya Respawn. Lakini kwa kipimo cha wakati, ilikuwa na kitu ambacho Titanfall 2 ilikikosa: iliwafikia watu wakiwa na saa za kutosha mkononi, wakiwa wanaliwaza jambo lilelile linalozungumzwa na gemu, na kwa njia ya kusambaza iliyolingana na hali yao. Haikungoja intaneti ije ndipo itoke. Ilipanda chombo kilichokuwepo.

Respawn nao walijifunza, na ushahidi wao wa mwisho ni mzito kuliko wa kwanza. Mwishoni mwa 2017 Electronic Arts ilitangaza kuinunua studio hiyo kwa mpango ambao ungeweza kufikia dola milioni 455. Tarehe 4 Februari 2019 mafundi walewale walitoa Apex Legends, gemu iliyowekwa ndani ya ulimwengu uleule wa Titanfall. Hakukuwa na miezi ya matangazo. Ilitangazwa na kutolewa siku hiyohiyo, bure, katika mwezi usio na msongamano wa gemu za aina yake kama ule wa siku 15 za 2016. Ndani ya wiki moja ilikuwa na wachezaji milioni 25, na ndani ya mwezi milioni 50. Atakayesema kwamba siri ilikuwa ni bure tu ana sehemu ya ukweli, kwa sababu bure iliondoa kikwazo cha kwanza kati ya vile vitatu, yaani fedha. Lakini bure haimwongezei mtu saa, wala haiwahamishi marafiki kwa pamoja. Kilichowahamisha ni kwamba siku hiyo waliweza kuanza wote kwa mara moja, hakuna aliyetangulia, na hapakuwa na gemu nyingine mpya inayowagawa. Mikono ilikuwa ileile, ulimwengu wa hadithi uleule, na hata bunduki nyingi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni namna kazi ilivyokutanishwa na umati wake.

Kutokana na haya, yapo mambo matatu ambayo kijana anayejifunza kutengeneza gemu Arua au Koboko leo anaweza kuyatumia, na hayahitaji mtaji wa California. Apange tarehe mapema kama anavyopanga kanuni za mchezo, akijua kwamba Desemba na Januari, likizo ndefu na fedha za mavuno, ni milango iliyo wazi, wakati Februari ya ada na Oktoba ya mitihani imefungwa. Atengeneze gemu inayostahimili kalenda mbaya, yaani inayoweza kuchezwa na watu wawili bila intaneti, iliyo nyepesi kupitishwa kwa simu, na isiyopoteza kila kitu umeme ukikatika. Maana asiyeweza kuchagua siku ya soko anaweza angalau kubeba bidhaa isiyooza. Na akipata mchapishaji au mfadhili, mazungumzo ya tarehe yaingie kwenye mkataba pamoja na mazungumzo ya mgao, kwa kuwa mwenye kushika kalenda ameshika nusu ya kazi. Mafundi wa Respawn walifanya kila kilichokuwa mikononi mwao; kilichowaangusha kiliandikwa kwenye ratiba ya biashara.

Methali basi haifai kutupwa; inafaa kusomwa hadi mwisho wa maana yake. Wazee walioisema walikuwa wakizungumzia soko ambalo mnunuzi hupita mbele ya kila meza, hushika, hugeuza, hunusa na kulinganisha. Katika soko hilo kizuri hujiuza kweli, kwa sababu kimepewa muda wa kutazamwa. Titanfall 2 iliwekwa mahali ambapo mnunuzi alikuwa ameshapita akiwa na mzigo begani, na mwingine alikuwa akikimbilia meza ya mbele. Anayeipenda kazi njema, awe California au Koboko, ana deni la mwisho kwa kazi hiyo baada ya kuimaliza: kuitafutia siku ambayo macho ya watu yako huru kuiona.